Maneno ya Mwalimu Yohana yamepona

Leo mzee wa watu kanipigia kelele: "Umeiua!"

Ni Mwalimu Yohana, jirani yangu mstaafu hapa Miyuji. Kompyuta yake iligoma kuwaka, na ndani mna maneno ya Kigogo aliyoyakusanya miaka tisa. Fundi mmoja alimwambia lazima kila kitu kifutwe.

Nikaiwasha kwa sidii yangu ya Linux, programu inayoendesha kompyuta yenyewe, bila kugusa diski yake. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kukimbia. Hapo ndipo akapiga kelele.

"Subiri kidogo, Mwalimu."

Wala sikuwa na wasiwasi, jamani.

Faili lake la maneno likafunguka, zima kabisa. Akavua miwani, akafuta macho.

"Hii programu ni bei gani?"

"Ni ya bure, Mwalimu."

"Basi hiyo sidii iache hapa."

Nimerudi mikono mitupu, nacheka njia nzima. Nyie wenzangu wa Linux, mmeshanyang'anywa sidii ngapi?