Swali Tulilokatazwa Kuuliza

Siku bibi mmoja wa kituoni kwetu alipompa mwenzake presha kuka yake, moyo wangu ulipasuka paa. Mwanamke wa Kinepali hatoi presha kuka. Atakupa mchele, atakupa mkwe ukimsihi, lakini ile sufuria ya filimbi aliyoibeba tangu kambini, hapana.

Mimi ni dereva wa kituo cha wazee hapa Columbus. Asubuhi nawazoa majumbani kwao, jioni nawarudisha, na katikati nawapikia chai na kuamua ugomvi wa karata. Wengi wao ni Wanepali waliofukuzwa Bhutan, wakakaa miaka mingi katika kambi za Nepal, kisha wakaletwa huku Ohio, Marekani, kujifunza kutembea juu ya barafu uzeeni. Huyo bibi nilimwita Aama, yaani mama kwa lugha yao. Yeye aliniita binti, na alinikosoa kila kona ingawa hajawahi kushika usukani maishani mwake. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na baadhi ya ndugu zangu.

Presha kuka haikuwa peke yake. Wiki hiyohiyo alinipa shali yake ya manjano na chupa mbili za achari ya figili, akanikumbatia bila sababu. Nilishukuru, nikaenda chooni, nikakaa huko na hofu yangu.

Hofu hiyo ilitokana na semina. Mwezi uliotangulia, mama mmoja mpole alikuja kutufundisha sisi wafanyakazi pamoja na wazee jinsi ya kumtambua mtu anayefikiria kujiua. Dalili mojawapo, alisema, ni mtu kuanza kugawa vitu anavyovipenda. Ukiona hivyo, muulize waziwazi, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua. Ukumbi mzima ukaanza kutazama viatu. Bahati nzuri chai ililetwa, na ubishi ukaanza.

Aama, ambaye ni Mhindu, alisema kijijini kwao waliamini mtu wa namna hiyo roho yake haipati njia, inabaki ikizurura na kusumbua wakwe. Rafiki yake wa karata, Mbudha aliyetoka Bhutan kama yeye, akakataa. Kuzaliwa mtu ni bahati adimu sana, alisema, na ukiitupa unaanza upya kutoka chini.

"Chini wapi?" nikauliza.

"Labda sisimizi," akasema, akinitazama. "Au dereva."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi Mlutheri wa Tanga nikatoa ya kwetu: fundi cherehani wa mtaani alipojiua, kengele ya kanisa haikupigwa, mchungaji hakuja, na sisi watoto tulikatazwa hata kupita mbele ya nyumba yake. Wote wawili wakatikisa vichwa kwa huzuni, hawakushangaa hata kidogo. Aama akasema kambini jirani yake alikufa hivyo, familia ikasema ni homa, na kambi nzima ikakubali kuwa ni homa. Kila mmoja wetu alikuwa na hukumu ya dini yake tayari, na kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemkumbuka. Swali ndilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Basi, nilipotoka chooni na hofu yangu, nikampigia simu mama yangu. Anaishi peke yake katika mji wa Louisville, mtaa wa South End, anafunga maboksi kwenye ghala na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya.

"Mama, kuna bibi nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua."

"Ishia hapohapo! Neno hilo halitamkwi. Unaliita lije?"

"Tumefundishwa tuulize, mama."

"Mpelekee uji, mwombee, basi. Kazi njema."

Akakata. Mama yangu, ambaye kuagana naye kwenye simu huchukua nusu saa! Niliudhika, lakini sikujiuliza zaidi.

Kesho yake nikapanga njia ili Aama awe wa mwisho kushuka. Nikaegesha gari mbele ya kwao, nikazima injini.

"Aama, unafikiria kujiua?"

Sauti ilinitoka kama namuuliza kama amefunga mkanda. Alinitazama. Kisha akacheka, akacheka hadi akavua miwani. Kumbe anahamia mji wa Buffalo! Binti yake amepata nyumba huko, mtaa wa East Side, yenye uwanja nyuma, na amemwambia asije na masufuria ya zamani kwa sababu jiko limejaa mapya.

"Uwanja wote ule," alisema, "nani anajiua kabla hajapanda figili?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia ukiwa unaendesha. Unaendesha vibaya hata bila kulia."

Nililia palepale, kwa furaha na kwa hasira. Aama alinishika mkono, akaacha kucheka.

"Kambini, mwaka mmoja, ningependa mtu aniulize," alisema. "Hakuna aliyeuliza. Asante."

Nikamwambia nusura nisiulize, maana mama yangu alinikataza kwa ukali na kunikatia simu. Akarudisha miwani usoni.

"Mama yako anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Muulize na yeye."

Sasa hivi Aama yuko Buffalo. Hunipigia kila Jumamosi kunipa habari za figili, na za Grant Street, ambako amegundua duka la Waburma linalouza pilipili anazozitaka, na ambako, kwa maelezo yake, madereva ni afadhali kuliko mimi. Kabla ya kukata huuliza: "Umemuuliza?" Kwa miezi miwili nilimjibu bado. Mwishowe niliona aibu, nikaendesha hadi Louisville.

Mama alikuwa anakatakata vitunguu. Nilimuuliza nikiwa nimesimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Hakupiga kelele. Aliendelea kukata.

"Sasa hivi, hapana," akasema.

"Sasa hivi?"

"Ule mwaka wa kwanza hapa. Wewe ulikuwa bado Tanga."

Akanisimulia kuhusu jirani yake Mvietnamu, ambaye mimi nilimjua kwa kupungiana mikono tu. Nyumbani kwake ana meza ndogo yenye picha ya kaka yake, na alimwambia mama waziwazi kwamba kaka huyo alijiua, bila kunong'ona. Kila asubuhi humwekea matunda na ubani ili asijione amesahauliwa. Baadaye matunda hayo lazima yaliwe na walio hai. Kwa kuwa jirani huyo naye aliishi peke yake, alimletea mama chungwa kila siku.

"Nilijua limetoka kwenye sadaka ya wafu. Mimi, mwanakwaya! Nililila."

"Kila siku?"

"Ningefanyaje? Alikuwa anasimama mlangoni mpaka nimalize. Nikimaliza ananiuliza, leo unataka kuishi? Hivyo hivyo, bila haya. Siku za mwanzo nilimfungia mlango. Akabisha tena."

Nilihesabu moyoni mwaka ule. Nilikuwa na simu, nilikuwa na vocha, na sikuwahi kukosa.

"Mama, nilikupigia kila Jumapili."

"Ulinipigia, mwanangu," alisema, akasukumia vitunguu ndani ya sufuria. "Ukaniuliza kama baridi ni kali. Nikakujibu ni kali."