Likizo ya Bibi Shamba

Tulikuwa wachache kiasi kwamba tukikutana sote chumbani kwangu, viti vilitosha. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, wauguzi wawili, karani wa posta, bibi shamba, na mimi, hakimu wa mahakama ya mwanzo. Wanawake wenye kazi za serikali pale Lushoto, miaka ile ya Ujamaa, tulijuana kama watu wa ukoo mmoja, na tulisemwa kama watu wa ukoo mmoja. Nikipita sokoni nilisikia nyuma yangu: huyo ndiye anayefunga waume za watu.

Tulikuwa na karatasi yetu. Haikuwa gazeti. Ilikuwa ukurasa mmoja, mbele na nyuma, tukiupiga taipu kwenye stensili na kuudurufu kwa mashine ya shule ya mwalimu mkuu. Mbele tuliandika habari zetu: muuguzi mpya kapangiwa zahanati ya bondeni na hana pa kulala, mwenye chumba ajitokeze, kuna kozi inatafuta watu, msikae kimya, mkutano wa kijiji utazungumzia maji, twendeni, tusiwaachie wanaume peke yao. Nyuma palikuwa pangu. Niliandika sheria, kwa Kiswahili ambacho hata mama yangu, aliyezoea Kishambaa tu, angesomewa akaelewa. Karatasi ilisafiri ndani ya vikapu vya walimu hadi Mlalo na Mtae. Ilifika hata Bulwa, kwenye mashamba ya chai, na muuguzi wa huko akatutumia salamu kwamba yuko peke yake kati ya wanaume, tusimsahau.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba likizo ya uzazi yenye malipo sasa ni ya kila mwanamke mwajiriwa, aliyeolewa na asiyeolewa. Nilikuwa nachambua maharage, nikayaacha. Nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma naye kwa masista, msichana aliyetupita wote kwa hesabu. Alishika mimba akiwa mwalimu, hakuwa na mume, kazi ikaishia hapo. Yule aliyempa mimba alikuwa mwalimu vilevile, na yeye akaendelea kufundisha. Basi mwezi ule niliijaza karatasi upande wangu wote kwa sheria hiyo moja.

Wa kwanza kuihitaji alikuwa bibi shamba wetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa upande wa Bumbuli, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka milima kufundisha matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Wazee walilichukia neno matuta tangu enzi za Mwingereza, walipolimishwa kwa lazima, na vijana wengi wa idara walifukuzwa mashambani kwa matusi. Yeye hakufukuzwa. Alifika, akasalimia, akashika jembe akalima na wenye shamba, mazungumzo yakaja baadaye.

Alikuwa na mimba na hakuwa na mume. Baba wa mtoto ninamjua. Hakuna haja ya kumleta hapa. Hata wakati ule hakujileta.

Aliomba likizo. Mkubwa wake wa kazi akamwambia alete kwanza cheti cha ndoa. Alikuja kwangu akicheka, akidhani mkubwa hajasikia tu redio. Nikachukua Gazeti la Serikali lenye sheria yenyewe, tukaenda pamoja.

Mkubwa alikuwa mtu wa pwani, msafi, mpole wa sauti. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia vizuri, akatukaribisha viti. Nikamfungulia ukurasa. Akausoma wote bila haraka, akanirudishia.

"Ndugu Hakimu," akasema, "hii ni sheria ya Dar es Salaam. Hapa tuko Lushoto. Nikimpa huyu likizo, mwaka kesho wasichana wote wa idara watakuwa na matumbo."

Nikamwambia sheria haina mlima wala pwani. Akatabasamu. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi yetu ya mwezi ule, imekunjwa vizuri.

"Na hili gazeti lenu lina kibali cha nani? Wewe unajua sheria. Hujui kwamba kuchapa gazeti bila kibali ni kosa?"

Bibi shamba alikuwa ameacha kucheka. Nilitamani kumtupia lile Gazeti la Serikali usoni. Nilimuaga kwa heshima, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na heshima ile inanichoma mpaka leo.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alituita akasema mashine ya shule ni ya shule. Kuna mtu alikuwa amempitia. Mwalimu mkuu alituzidi sote umri, tukimwita mama, na ndiye aliyenifundisha kupiga stensili bila kuichana. Nilimuuliza nani amemwambia. Akasema ana watoto wa kusomesha, nisimuulize. Wauguzi wakaangalia chini. Karani wa posta akasema labda tungoje upepo utulie. Nikawauliza, tungoje hadi lini, mimba inangoja? Niliwakasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule mkubwa, maana yeye sikuwahi kumtegemea.

Bibi shamba akaendelea kupanda milima. Alipangiwa vijiji vya mbali kuliko kabla, nami siamini kwamba ilitokea tu. Uchungu ulimshika kwenye mteremko wa kuelekea Vuga, kukiwa na ukungu na utelezi. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimsikia. Walifunga kanga kwenye miti miwili wakatengeneza machela, wakambeba wenyewe, wakipokezana, mpaka barabarani, ambako lori la mboga lilimpeleka hospitali ya misheni. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo kama sungura. Aliishi.

Akiwa bado kitandani, ofisi ilimtangaza mtoro kazini.

Basi akaja kiongozi kutoka mkoani, ukaitishwa mkutano wa hadhara uwanjani. Hotuba ilikuwa juu ya kujitegemea na heshima ya mkulima. Alipouliza kama kuna maswali, wanaume watatu walisimama kuuliza habari ya mbolea. Nikasimama mimi. Hakimu hasimami kwenye mikutano kulalamika, nilijua hilo. Nilieleza yaliyotokea, mteremko, machela na utoro. Nilisoma sheria kwa sauti. Kisha nikauliza, "Ndugu kiongozi, sheria hii inaishia kule chini Mombo, au inapanda mpaka huku?"

Kina mama waliokaa chini na vikapu vyao wakaanza kupiga makofi. Sikuwa nimewaomba. Kiongozi alimtazama mkubwa wa idara, akasema sheria ni ya nchi nzima na suala hilo litashughulikiwa.

Lilishughulikiwa. Bibi shamba alipewa likizo yake na neno utoro likafutwa. Mimi nilipewa uhamisho kwenda kituo ambacho sikuwahi kukisikia, upande wa kusini. Mkubwa alipandishwa cheo akaitwa mkoani. Nawaandikia yalivyokuwa; kama kuna anayetafuta haki ndani yake, atafute mwenyewe, mimi nimechoka kuitafuta.

Kabla sijaondoka ilifanyika sherehe ya kumuaga mkubwa. Tuliombwa sisi, wanawake wa ofisi, tukapike. Nilikataa. Mmoja wa wauguzi akakataa pia, na ujasiri wake huo, ingawa ulichelewa, niliushukuru. Mwalimu mkuu alipika pilau.

Nilikwenda, lakini nilikaa karibu na mlango. Hotuba zilipoanza bibi shamba akaingia, mtoto mgongoni. Hakualikwa. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akapita hadi mbele kabisa, akakaa kiti kilichokuwa wazi mkabala na mkubwa. Akamshusha mtoto, akampa ziwa. Mkubwa alikuwa akisema juu ya ushirikiano mzuri alioupata kwa watumishi wote. Akapoteza mstari, akarudia sentensi, akapotea tena. Bibi shamba alimtazama muda wote huo bila kupepesa. Mtoto alipomaliza akamwinua begani, akampigapiga mgongo taratibu hadi akacheua, kisha akainuka kwenda kuchukua sahani yake ya pilau.