Paka Niliyemkana

Katika nyumba zetu za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, hapa Kaloleni, mimi ndiye niliyejulikana kwa kuchukia paka, na sifa hiyo niliitafuta mwenyewe. Nyumba nne tunatumia mfereji mmoja na jiko moja la nje, na kila paka aliyethubutu kukanyaga uani alirushiwa kandambili yangu. Kwetu magharibi nililelewa na mashangazi walioamini kwamba paka mgeni ametumwa, na kwamba mtu mzima anayebembeleza paka amekosa kazi. Nami kazi nilikuwa nayo: nilikuwa karani wa stoo katika ghala la sabuni kule Industrial Area. Kisha nikastaafu, mke wangu akafariki mwaka huohuo, na maoni yangu kuhusu paka yakakosa msikilizaji.

Paka mwenyewe alikuja na mvua za masika. Alikuwa dume la rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika. Paka wa mtaani mwenye adabu hukimbia akiona mtu. Huyu aliwapitia watu wote mferejini, mmoja baada ya mwingine, akijisugua kwenye miguu yao kama mwanasiasa aliyenusa uchaguzi.

"Cheki vile anasalimia watu, mzae," akaniambia kijana fundi wa simu, jirani yangu wa nyumba ya nne. "Huyu kura yangu anayo."

Kutoka kwangu alipata kandambili. Ilimkosa. Akaigeukia, akainusa, akaikalia. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kwenye matope, mzee mzima, nikimsihi paka anirudishie kiatu changu huku majirani wakicheka mpaka ndoo zikafurika.

Jumatano ni siku yangu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nilianza kwa kumtupia vichwa, nikatangaza kwa sauti kwamba ni takataka tu ninayotupa. Baadaye nikawa natupa na miili. Kabla mvua hazijaisha alikuwa analala kwenye kiti cha mke wangu, kiti ambacho hata mchungaji sikuwa nimemruhusu kukikalia, na sikumtoa.

Watoto wangu hunipigia simu kila Jumapili. Huuliza, "Baba, umekula?" na kabla sijajibu wanasema sawa basi, tutaongea. Paka alikuwa na muda. Nilimsimulia mambo ya ghala, nani alikuwa akitoa katoni kwa dirisha la nyuma, na siku moja nikamsimulia siku za mwisho za mke wangu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilizungumza kwa kunong'ona, kwa maana ukuta wetu ni mwembamba, na jirani wa kulia, mama mwenyekiti wa kikundi cha maombi, ana masikio ya kusikia ugali wa mwenzake ukigeuzwa.

"Mzee," aliniuliza mferejini, "jana ulikuwa unaongea na nani?"

"Redio."

"Redio yako si iliharibika wakati wa msiba?"

"Ilipona."

Akasema Mungu ni mwema, akabeba ndoo yake.

Wacha niseme ukweli: nilimpenda paka yule, na nilimwonea aibu vilevile. Akinisogelea uani nilimfokea watu wasikie. Jioni niliuacha mlango wangu na upenyo kidogo, kiasi cha paka mmoja.

Kisha mama wa maombi akaleta vifaranga, akawafuga kwenye katoni katika jiko letu la nje. Vifaranga wakaanza kupungua. Jumapili baada ya ibada tukaitwa kikao, na vikao vyetu hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa matusi. Mshtakiwa alihudhuria. Alijilaza katikati ya viti vya plastiki, tumbo juu, akidhani tumemwandalia sherehe.

"Huyu paka ni wa nani?" mama wa maombi akauliza.

Wote wakanitazama. Aliyenitazama zaidi ni bibi wa nyumba ya kushoto, Mwislamu anayeuza vitambaa Eastleigh, ambaye kila Ijumaa humwekea paka maziwa bila kumficha mtu.

"Baba, si hulala kwako?" akasema kwa upole.

"Si wangu," nikasema. "Huyu ni paka wa wote. Kwangu hupita tu."

Bibi akasema paka hafukuzwi, na anayemdhulumu ataulizwa mbele ya Mola. Mama wa maombi akataka kujua nani ataulizwa kuhusu vifaranga wake. Kura ikapigwa, na yule kijana aliyemwahidi paka kura yake akainua mkono pamoja na wengine. Atupwe. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua njia za Industrial Area, nikampeleke mimi.

Hapo kila mtu akawa profesa wa kutupa paka. Atiwe kwenye gunia, asione njia. Gunia lizungushwe apoteze mwelekeo. Mama wa maombi alisema mara saba, fundi akasema tatu zatosha kumkata network. Usipite njia iliyonyooka. Usimsemeshe. Na ukishamwachilia usigeuke nyuma, kwa maana ukigeuka atakufuata. Sheria zote hizo nilizijua kutoka kwa babu yangu, nikakosa ujasiri wa kusema sitaki. Jumatatu asubuhi nilitandaza gunia la mkaa sakafuni, na paka akaingia mwenyewe, akidhani ni mchezo. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilivuka reli kwa kuzungukazunguka. Karibu na ghala langu la zamani nikalizungusha gunia mara saba kamili, na aliyepoteza mwelekeo ni mimi. Nikashikilia ukuta nisianguke. Vibarua waliokuwa wakingoja langoni waitwe kazini wakanihurumia.

"Mzae, mapema hivi ushalewa?"

Ndani ya gunia paka alikuwa anakoroma ule mkoromo wake wa raha, wa kwenye kiti. Nikalifungua kando ya kibanda cha chakula. Akatoka mweusi kwa vumbi la mkaa, akapiga chafya, akaenda moja kwa moja kumsalimia mwenye kibanda, mama aliyekuwa akigeuza chapati.

"Mzee, ni wako?" akauliza yule mama.

"Si wangu."

"Si ni wewe umemtoa kwa gunia?" kibarua mmoja akadakia.

"Gunia ndilo langu. Paka si wangu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kumkana. Mimi ni mzee wa kanisa, najua mtindo huo ni wa nani. Jogoo tu ndiye ambaye hakuwika, kwa sababu vifaranga wa uani kwetu hawakuishi kufikia ujogoo. Nikaondoka bila kugeuka nyuma, hatua kama ishirini, kisha nikageuka. Hakuwa ananifuata. Alikuwa anasalimia vibarua.

Vifaranga wakaendelea kupungua mpaka katoni ikabaki tupu. Mla vifaranga alionwa na fundi mchana kweupe: panya wa mtaro, urefu wake kama kandambili yangu. Naye alikuja na ukoo wake. Walikula unga, wakala sabuni, wakatafuna nyaya za fundi, na hatimaye wakala pindo la kanzu nyeupe ya mama wa maombi. Siku hiyo tuliitwa kikao kisichofunguliwa kwa maombi.

"Mzee," mama wa maombi akasema kwa sauti laini, "si uende umrudishe yule paka wako?"

Sasa alikuwa wangu. Hawakujua kwamba tangu Jumatatu ile nilikuwa napika omena na kuimwaga, na kwamba kile kiti nilikuwa nimekigeuzia ukutani.

Nikaenda. Paka alikuwa juu ya stuli kando ya chapati, amenenepa, amesafishika.

"Umekuja kutafuta gunia?" mwenye kibanda akaniuliza.

"Nimekuja kumchukua paka."

"Si ulisema si wako?" Akaweka mwiko chini. Vibarua wakaacha kutafuna. "Kama ni wako, mwite. Akija, umchukue. Asipokuja, unywe chai yako uende."

Niliogopa kuliko siku ya mahojiano ya kazi. Jina la nyumbani alikuwa nalo, ila sikuwahi kulitamka mbele ya watu. Nilikuwa namwita mwenzangu, kama nilivyomwita mke wangu. Nikakohoa, nikamwita kwa kunong'ona. Hakusogeza hata sikio.

"Sauti, mzae!" vibarua wakasema.

"Mwenzangu!" nikaita kwa nguvu. "Mwenzangu, twende nyumbani."

Kibarua mmoja akaitikia, "Naam, mpenzi!" na kibanda kizima kikaangua kicheko. Paka akanitazama. Akamaliza kipande chake cha maini, akanawa uso, akarudia nyuma ya sikio lile bovu bila haraka yoyote, kisha akashuka kwenye stuli, akaja, akakaa juu ya kiatu changu.

Gunia sikuwa nimebeba. Nilimbeba mikononi, kwa njia iliyonyooka, saa nane mchana, kifua cha koti langu kimejaa manyoya. Uani nilikuta wote wamesimama mferejini.

"Karibu, paka wetu!" mama wa maombi akasema. Alikuwa ameshamtandikia ile katoni ya vifaranga. "Atalala hapa jikoni, karibu na kazi yake."

Bibi wa kushoto akanitazama, akangoja.

"Huyu ni wangu," nikasema, "na analala kwangu, kwenye kiti. Wa wote ni panya."

Nikaingia naye ndani. Niliuacha mlango wazi wote, nikakigeuza kiti, nikaanza kumsimulia yaliyopita tangu aondoke, kwa sauti yangu ya kawaida.