Kofia ya Kuchujia Petroli

Mashine ya kukata nyasi niliyokabidhiwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Hali ya Hatari, ilikuwa na tumbo la mtoto wa mfalme. Ilikunywa petroli, lakini petroli safi kuliko maji ya ubatizo. Chembe moja ya vumbi, inakohoa. Tone moja la maji, inazimia katikati ya bustani, na kuiamsha ni kuvuta kamba mpaka bega lihame. Mpaka leo fundi wa nguo akinipima mkono wa kulia hupima tena, akidhani amekosea.

Bustani yenyewe ilikuwa Kileleshwa, nyuma ya nyumba ya mzungu mmoja mzee aliyewahi kuwa askari. Ilikuwa pana hivi kwamba ukianza kukata upande wa jikoni, ukifika kwenye ua wa mwisho, nyasi za jikoni zimekwisha kukusahau na kuota upya.

Petroli tuliiweka ndani ya pipa nyuma ya banda, na hapo ndipo matatizo yalipokuwa yakizaliwa. Pipa lilisimama wima. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu yake, kuzunguka kifuniko. Mchana jua linalichoma, linavimba; jioni linapoa na kuvuta pumzi ndani, na kwa kuwa pua yake imezama majini, linavuta maji. Hayo niliyaelewa vizuri, maana nilikuwa nimemaliza shule ya jioni na cheti nilikuwa nacho, kimetundikwa juu ya kitanda mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Tulijaribu kulilaza. Likajiviringisha lenyewe hadi kwenye maua ya waridi ya memsabu, na amri ikatoka kwamba pipa lisimame kama watu wengine.

Ndipo bwana akaja na kofia yake. Alisema huko vitani, jangwani, walichuja petroli ya magari kwa kofia kama hiyo, na vita wakashinda. Ilikuwa ya sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa nene kama ulimi wa ng'ombe, rangi ya kahawia, na utepe mweusi. Unailowesha kwanza kwa petroli, unaikalisha juu ya faneli, unamimina polepole. Petroli inapenya. Maji yanabaki ndani ya kofia yakiviringika kama shanga, pamoja na mchanga, kutu, miguu ya mende, na siku moja kifungo cha koti ambacho hakuna aliyejitokeza kukidai. Tangu siku hiyo mashine ilinguruma kama ina deni na mtu. Kofia ikapewa msumari wake bandani, na bwana akipita huiangalia kama anayetaka kuiamkia.

Sasa, jikoni kulikuwa na mpishi, mtu wa kwetu magharibi, na huyo mpishi alikuwa amependa. Msichana alileta mayai na mboga mlangoni kutoka Kangemi, na mpishi alinunua mayai mengi hivi kwamba nyumba nzima ile ilikula keki mpaka mbwa akakataa. Baba wa msichana alikuwa mkulima mwenye shamba lake na vyumba vya kupangisha, mtu wa pale tangu mababu. Mara ya kwanza mpishi alikwenda peke yake, akaulizwa, "Unauza nini?" Mara ya pili alikwenda na keki. Wakaila, wakamshukuru, wakamfungulia mlango wa kutokea. Baadaye ujumbe ukaja pamoja na mayai: aje mara ya mwisho, na msemaji, na vitu vya baba kama desturi inavyotaka, blanketi na kofia. La sivyo kuna mtu wa kinu cha posho ambaye anapiga hodi kila wiki, na huyo hahitaji kusemewa.

"Mwalimu," mpishi akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu ya cheti, nusu heshima nusu kejeli. "Wewe ndiye mdomo wangu. Mimi nikimwona yule mzee ulimi unageuka kitambaa."

"Na kofia unayo?"

"Kofia niachie mimi. Wewe beba maneno."

Jumapili baada ya ibada tukashika njia. Alikuwa na blanketi begani na kifurushi cha karatasi kwapani. Pale ambapo siku hizi wanapaita Mountain View hapakuwa na mtaa wowote, ni mahindi tu na viazi. Harufu ya petroli ilitufuata njia nzima. Mimi sikushangaa, siku zile nilinuka petroli hata nikitoka kuoga, na mbu walikuwa wakitua juu yangu wanaanguka wenyewe. Nikatembea mbali kidogo na mpishi nisije nikamharibia bahati.

Mzee alitupokea sebuleni, kiko mdomoni bila moto, na mkewe akaleta chai.

"Nyinyi watu wa magharibi," mzee akaanza, "nasikia kwenu kuku hafi kwa uzee."

"Hata hapa, mzee," nikasema, "nimemuona mmoja uani akitutazama kwa wasiwasi."

Akacheka. Nikajua njia imefunguka. Nikamimina maneno mpaka nikajishangaa mwenyewe. Nikasema mpishi wetu anaweza kuoka keki ya ghorofa tano ambayo chifu anaweza kupanda na kuhutubia watu. Blanketi likapokelewa. Kisha mzee akafungua kifurushi.

Kahawia. Utepe mweusi.

Chai ilipita njia isiyo yake. Niligeuka kumtazama mpishi, naye akawa anaisoma kalenda ukutani kama aliyekuja kwa ajili hiyo. Mzee akaivaa kofia. Ilimkaa kama alizaliwa nayo. Akaipapasa ukingo, akaridhika, akatoa kibiriti ili awashe kiko.

Kijiti cha kwanza nilikizima kwa chafya.

"Pole," mzee akasema, akawasha cha pili. Nikapiga chafya nyingine, kubwa, iliyopeperusha vitambaa vya kochi.

"Msemaji wenu ana mafua?"

"Hapana, mzee," nikasema huku nimeshika kibiriti chake kwa mikono miwili. "Ni heshima. Kwetu, mtu akivishwa kofia na mkwe, hawashi tumbaku akiwa ameivaa. Hata karibu na moto hasogei. Ukivaa kofia, wewe ni mkubwa. Moto unaletwa kwa watu wadogo."

Mzee akamtazama mpishi. "Ni kweli?"

Mpishi, ambaye ulimi ulikuwa umekwisha kugeuka kitambaa, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu hivi kwamba kiti kililia.

"Desturi nzuri," mzee akasema, akakiweka kiko mfukoni. "Sasa sikilizeni. Sijasema ndiyo, sijasema la. Nitaivaa kofia hii mpaka mwezi ujao. Ikinikaa vizuri, na nyinyi mtakuwa mmenikaa. Nikiona kasoro, yule wa kinu cha posho yupo."

Tulipofika kwenye mahindi nilimshika mpishi shati.

"Ndugu yangu, ile ni kofia ya petroli!"

"Niliifua."

"Uliifua!"

"Kwa sabuni ya vyombo. Na pasi nikaipiga."

"Kwa nini hukununua nyingine?"

"Nilikwenda River Road. Kofia za mfuko wangu ni za makaratasi, mwalimu. Unaingia nayo kwenye mvua, unatoka na gundi machoni."

"Bwana akijua atakufukuza."

"Na mpishi asiye na jiko haozwi. Kwa hiyo asijue."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Kofia nikiidai, ndoa imekufa. Nisipoidai, bwana ataikosa msumarini, mpishi atafukuzwa, ndoa imekufa vilevile. Njia iliyobaki ilikuwa mashine iishi bila kofia, na bwana asiwe na sababu ya kuingia bandani.

Nikaanza kutafuta chujio. Leso ilipitisha maji na mchanga bila hata kuuliza. Soksi yangu iliongeza uchafu badala ya kupunguza. Mpishi akaniazima chujio la chai, likapitisha kila kitu, kisha akalirudisha jikoni bila kuliosha vizuri, na jioni ile bwana akaisifu chai akisema imemkumbusha jangwa. Nikanunua ile kofia ya makaratasi ya River Road, nikaikalisha juu ya faneli. Ilinywa petroli, ikalegea, ikaingia yote ndani ya faneli, nikabaki nimeshika utepe.

Jumamosi memsabu alikuwa na wageni wa alasiri. Asubuhi nikachota petroli ya juu kabisa pipani, maana maji hukaa chini, kwa uangalifu wa daktari, nikaomba, nikavuta kamba. Ikawaka. Nilikata nusu ya bustani. Kisha ikakohoa, ikapiga kwikwi, ikafa, na bustani ikabaki kama kichwa ambacho kinyozi ameitwa nje akasahau kurudi.

Bwana akaja mbio na suruali yake ya kulalia.

"Wewe nachuja petroli?"

"Nachuja, bwana."

"Na kofia yangu?"

"Iko kwa fundi, bwana."

"Fundi gani?"

"Fundi wa kofia. Imechoka kidogo."

Kwenye dirisha la jikoni nilimwona mpishi amesimama na kitunguu mkononi, na machozi yale hayakuwa ya kitunguu.

"Leta. Sasa hivi," bwana akasema. "Mimi nataka ona kofia yangu kwa macho."

Nilichukua baiskeli, nikapanda mlima wa Kangemi kwa kasi ambayo mpaka leo watu wa pale wanadhani ilikuwa polisi. Mzee nilimkuta langoni kwake, kofia kichwani, mikono nyuma, anasalimiwa na wapita njia kama diwani.

"Mzee," nikasema huku nahema, "nina neno gumu kuhusu kofia."

"Kwamba inanuka petroli?"

Nikajifanya nafuta kengele ya baiskeli.

"Kijana, mimi nina pua. Mke wangu amenihamishia chumba cha wapangaji. Lakini sikiliza." Akanivuta karibu, akanong'ona. "Tangu niivae, watu wote hapa wanadhani nimenunua lori. Sijasema neno. Wananusa, wanahesabu wenyewe. Kanisani wamenipa kiti cha mbele. Jana yule wa kinu cha posho aliniamkia mara mbili na kuniuliza kama nitambebea magunia. Na wewe umekuja kuitaka?"

Nikamwambia yote: pipa, mashine, bwana, kitunguu. Nikasema mpishi akifukuzwa leo, kesho hana hata sufuria ya kumuolea binti. Mzee akasikiliza huku akipapasa ukingo wa kofia.

"Hii haitoki kichwani pangu," akasema mwishoni. Moyo wangu ukaanguka kwenye pedali. "Kwa hiyo itabidi na kichwa kiende."

Akapanda nyuma ya baiskeli, miguu upande mmoja kama bibi harusi. Njia nzima watu walimpigia kelele.

"Mzee! Lori liko wapi leo?"

"Limekwenda Nakuru!" akajibu, na akaniambia chinichini nikanyage haraka kabla hawajauliza limebeba nini.

Bwana alikuwa amesimama juu ya nusu iliyokatwa, akiiangalia nusu isiyokatwa. Memsabu alikuwa akipanga viti. Mpishi alikuwa mlangoni mwa jikoni na aproni yake, amekauka kama nguzo ya simu. Mzee akashuka, akanyoosha koti, akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Hiyo kofia yangu!" bwana akasema.

"Kofia ni ya mwenye kichwa chini yake," mzee akajibu bila kugeuka. "Petroli iko wapi?"

Nilileta debe na faneli kabla mtu hajapata nafasi ya kusema neno jingine. Mzee akavua kofia kwa mikono miwili, akanikabidhi niiloweshe, kisha akaninyang'anya na kuikalisha mwenyewe. Nikamimina. Yeye akainama juu yake kama anayesikiliza mgonjwa. Petroli ikapenya yote, na ndani ya kofia zikabaki shanga za maji, nyingi, zikikimbizana na kutu. Akazimwaga mbele ya viatu vya bwana.

"Tazama ulichotaka kumnywesha mnyama wako."

Nikaitoa ile petroli chafu tumboni mwa mashine, nikapuliza njia zake ndogo, nikamimina ile safi. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, na mashine ikanguruma mpaka ndege wote wa Kileleshwa wakahamia mjini kati. Wakati huohuo magari ya wageni yakaanza kusikika langoni.

Bwana aliitazama kofia, iliyokuwa imerudi kichwani ikidondosha petroli kwenye kola ya mzee. Akamtazama mpishi. Akatazama lango. Niliona hesabu ikipita usoni mwake, na nikaona ilipomfikia mpishi na kusimama hapo kwa muda ambao nisingependa kuurudia.

"Huyu mzee nani?" akauliza.

Nilifungua mdomo kusema fundi wa kofia, lakini mzee alinitangulia. Akamgeukia mpishi pale mlangoni, akapaza sauti ishinde mashine:

"Mkwe wangu! Unasimama tu wakati baba yako ana kiu? Lete chai!"

Mpishi hakusonga mara moja. Nadhani alikuwa akilihesabu lile neno la kwanza, kama liko lote. Kisha akapotea ndani, na tukasikia vyombo vikianguka na kuokotwa. Alitoka na sinia ya fedha ya wageni, na kikombe kile chenye maua ambacho hata mimi sikuwahi kuruhusiwa kukitazama, kikitetemeka juu ya sahani yake mpaka nusu ya chai ilikuwa safarini.

Bwana, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

Kikombe kikampita.