Sehemu ya Nne ya Meli ya Mbegu

Sisi tuliokulia Langas kabla simu hazijaingia mifukoni tulijua Jumamosi kwa harufu. Asubuhi ilikuwa sabuni ya kufulia na maji ya moto kwenye karai, kwa sababu baridi ya Eldoret haimhurumii mtoto. Mchana ilikuwa mahindi ya kuchoma na vumbi la trekta zikishusha mavuno. Na ikifika saa nane, vyombo vimeoshwa na magoti yamechubuka kwa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ilikuwa harufu ya mabati yaliyopigwa na jua na jasho la watoto wapatao arobaini. Hapo ni kwa Mzee Wafula, kwenye video.

Mzee Wafula alitoka Bungoma akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kazi ilipoisha hakurudi kwao. Alijenga kibanda, akaweka mabenchi ya mbao, televisheni moja na deki moja, na akasimama kando ya ile televisheni na fimbo mkononi kututafsiria. Kizungu cha filamu kilikuwa cha haraka na cha puani, sisi tulikuwa bado tunasoma cha ubaoni. Basi yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kila mtu. "Sasa nahodha anamwambia huyu roboti, wewe, heshimu mkubwa wako!" Sijui kama nahodha alisema hivyo. Lakini mpaka leo, nikiona watu wakisoma maandishi chini ya filamu, nawaonea huruma kidogo.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa na jina refu la Kizungu. Mzee Wafula aliipa lake: Meli ya Mbegu. Dunia imekauka, na mwanamke mmoja nahodha anaendesha meli angani akiwa amebeba mbegu za kila mmea, anatafuta sayari yenye udongo. Watoto wa wakulima tungeachaje kuipenda? Kaka yangu Kiprono alikuwa anasogea mpaka mbele, pua karibu iguse kioo, akitafuta kama mle ndani kulikuwa na mahindi.

Kulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza na ya pili ziliandikwa na mtu na mkewe, majina yao yalitokea pamoja mwanzoni, makubwa, yakielea kati ya nyota. Ya tatu ilikuja na jina la bwana peke yake. Na ya tatu ilikuwa bunduki mwanzo hadi mwisho. Nahodha, ambaye hapo awali alikuwa akizungumza na miche yake, sasa alikuwa anapiga tu risasi. Halafu anasimama kwenye mlango wa meli, udongo wa sayari mpya uko mbele yake, mlango unaanza kufunguka, na filamu inaisha.

"Ya nne iko njiani," Mzee Wafula alituambia. Alituambia hivyo mwaka mzima, na mwaka uliofuata.

Tukabaki na kubishana. Tulibishana tukienda shule, tulibishana kwenye foleni ya uji. Kiprono alishikilia kwamba bwana ndiye kichwa. Rafiki yangu Halima alishikilia kwamba mama ndiye aliyekuwa na hadithi, na alipotoka alitoka nayo.

"Enyewe Halima, mwanamke ataandika nini juu ya anga?" Kiprono akasema siku moja, mdomo umejaa mandazi.

Halima akageuka akaenda zake. Alikuwa msichana wa maneno machache, binti wa Mzee Abdi, aliyekuwa na duka la jumla karibu na stendi na ambaye kabla ya duka aliendesha lori miaka mingi huko kaskazini. Mzee Abdi hakutaka kusikia habari ya video. Alikuwa amemwambia bintiye waziwazi: akimkuta kwa Wafula, atampeleka Wajir kwa nyanya yake, na shule itaishia hapo. Kwa hiyo kila Jumamosi Halima aliaga kwamba anakuja kwetu kufanya homework. Alikuwa anapitia kwetu kweli, anamsalimia mama yangu, halafu tunatoka mbio. Mama hakujua kuna uongo ndani yake. Mimi nilijua, na niliogopa.

Wiki mbili baada ya yale maneno ya mandazi, Halima alinionyesha daftari la hesabu, lile la viboksi. Lilikuwa limejaa. "Ni sehemu ya nne," akaninong'oneza. "Usimwambie Kiprono."

Nilimwambia Mzee Wafula badala yake. Nilidhani ni siri ndogo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunarudia ya tatu kwa mara ya sijui ngapi, nahodha yuko mlangoni, na stima ikapotea, kioo kikawa cheusi. Watoto wakapiga kelele, wengine wakagonga mabati. Mzee Wafula akafungua mlango mwanga uingie, akanyanyua fimbo yake.

"Nyamazeni! Stima ikienda, hadithi haiendi. Halima, mama, kuja hapa mbele. Kuja na hiyo kitabu."

Halima alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Lakini alisimama. Alivuta mtandio wake vizuri, akaenda akasimama mahali pa Mzee Wafula, na akaanza kusoma kwa sauti ndogo mpaka wa nyuma wakasema, "Sauti!"

Ikatoka. Mungu wangu, ikatoka. Katika sehemu ya nne ya Halima mlango ulifunguka na hakuna aliyefyatua risasi. Nahodha alivua viatu. Alipanda, mbegu zikaoza. Akapanda tena. Kati ya msimu na msimu alikuwa akimtumia babake barua. Babake alibaki kule duniani, dereva wa lori la maji, anazunguka katika nchi iliyokauka kuwapelekea watu maji. Barua ilichukua miaka kumi na moja kufika. Kwa hiyo nahodha aliandika kama mtu anayezungumza na mzee zaidi ya yule aliyemwacha. "Sasa mvi zimeingia kwenye ndevu zako," Halima akasoma. "Sasa magoti yanakuuma ukikanyaga klachi."

Hakuna aliyecheka. Kiprono alikuwa ameweka kidevu chake kwenye ngumi.

Nikageuka kuangalia nyuma, nione kama wote wanasikia, na hapo mlangoni alikuwa amesimama Mzee Abdi.

Baadaye nilijua kwamba wageni walifika kwao, akaja kwetu kumwita Halima, na mama yangu, bila kujua chochote, akamwambia, "Si wako kwa Wafula?" Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Nilijaribu kumkonyeza Halima, lakini yeye macho yalikuwa kwenye daftari. Mzee Wafula alimwona Mzee Abdi. Akashusha fimbo polepole, kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Halima alifika mwisho wa ukurasa, akanyanyua kichwa. Akamwona babake, akalifunga daftari.

Tulisubiri ngurumo. Mzee Abdi alikuwa mtu mrefu, na sauti yake ilizoea kuita makuli kutoka upande wa pili wa barabara. Lakini alipozungumza, alizungumza taratibu.

"Huyo mzee wa maji," akasema. "Alipata hiyo barua?"

"Sijafika hapo, Aabo," Halima akamjibu babake, machozi yakimlenga.

Mzee Abdi alitazama mabenchi, akatuona sisi wote, akamtazama Wafula, akarudi kwa binti yake. "Nenda umalize nyumbani. Wageni wanangoja." Akageuka, halafu akasimama. "Na usinidanganye tena. Ukitaka kuandika, niambie unataka kuandika."

Halima hakukanyaga tena kwa Mzee Wafula. Hakupelekwa Wajir pia. Jumamosi zilizofuata, sisi ndio tulimfuata dukani, tukakaa nyuma juu ya magunia ya sukari, na chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi, akatusomea. Mzee Abdi alijifanya anapanga bidhaa. Siku ile barua ilipofika kwa dereva wa lori, alitoka nje akakaa huko kwa muda mrefu. Na Wafula, ambaye sasa alikaribishwa, alimsikiliza yule msichana akiwa ameshika kofia yake magotini kama yuko kanisani.

Leo Halima anafundisha fizikia shule ya wasichana. Mzee Wafula alizikwa kwao, na tulijaza basi kwenda kumzika.

Na mwezi uliopita, baada ya miaka yote hii, wametangaza sehemu ya nne, ile ya kweli. Kwenye tangazo jina ni moja tu, la yule mama. Kiprono, ambaye siku hizi ana ng'ombe wake wa maziwa huko Moiben na mvi za kutosha, alimpigia Halima simu kabla hajanipigia mimi. Alimwambia, "Nilikosea, dadangu." Halima alicheka mpaka akashindwa kuongea.

Binti yangu Jemutai ana miaka kumi na tano. Alitazama zile tatu kwa siku moja, amelala kitandani, simu imeegemezwa kwenye mto, anasimamisha nahodha hewani ili aende kuchukua chipsi. Sasa anabishana na watu asiowajua wa nchi asizozijua, juu ya nani aliandika nini, na anajua kila kitu: majina, mikataba, nani alimkosea nani. Enyewe watoto wa siku hizi wana bidii. Namsifu. Sisi tungetoa jino kujua nusu ya hayo.

Jana nilimuuliza, "Na wewe, ungeiandika vipi? Mlango ukifunguka?"

Alinitazama mimi mamake kama nimeuliza kwa Kichina. "Mathe, si watatoa tu?"

Watatoa, ndiyo. Mwezi wa nane. Nimeshamwambia Halima apande gari aje, tutaenda sote watatu, mimi, yeye na Kiprono, na nina hakika itakuwa nzuri sana. Lakini sidhani itaifikia ile ya daftari la Halima.