Jaruba la Bibi

Kacha, kacha-kacha, kachaka. Makopo yale bado nayasikia. Yalikuwa makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Mama aliyatia kokoto, akayaning'iniza kwenye kamba za katani zilizotoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti nililokaa juu yake, hadi pembe zote nne za shamba letu la mpunga kule Kasansa. Ncha za kamba nilizifunga mguuni. Nikitikisa mguu, makopo yanalia, ndege wanaruka.

Hiyo ndiyo kazi ya kuamia. Ukiiangalia ni ya kukaa tu, lakini muulize aliyeifanya. Unatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, maana ndege wale, kweleakwelea, huamka na njaa. Unarudi jua limezama. Wiki ya kwanza unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Wiki ya tatu huna hata hasira nao tena, umechoka tu. Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda, na macho yalikuwa mazito kama yametiwa mchanga.

Kilichonibeba ni ndoto. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Kule juu peke yangu nilikuwa nasoma kadi za salamu nilizozibuni mwenyewe: "Huyu anawasalimu shangazi zake wote wa Karema, mjomba wake wa Sitalike, na yeyote anayemfahamu. Ujumbe anasema, mvumilivu hula mbivu!" Mguu ukawa unatikisika wenyewe, mimi nimefumba macho.

Nyumbani alikuwepo bibi, mama yake mama. Miguu ilikuwa imemkataa tangu masika yaanze, akawa wa kulala kwenye kitanda cha kamba. Ugali wa muhogo haukupita tena kooni. Uji kidogo, basi. Alisema anachotamani ni wali wa mpunga mpya. Na kwetu, mpunga mpya haonji mtu kabla mkubwa wa nyumba hajaulimbua, yaani kuula wa kwanza na kuushukuru. Kwa hiyo mama alipanda mapema jaruba moja dogo kwenye pembe ya shamba, kando ya kijito, mbegu ya muda mfupi. Tukaliita jaruba la bibi. Mama alilitazama kila siku, huku akimwona mamaake anavyopungua.

Jioni nikifika, hata sijanawa miguu, bibi ananiita.

"Mke mwenzangu, leo umeona nini?"

"Sijaona kitu, bibi. Nimechoka."

"Wewe macho unayo. Mie yangu yanaangalia paa tu. Nipe kimoja."

Nikimpa, anasema ahsante, kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Mwanzoni nilimpa vya kweli: kenge anaota jua juu ya tuta, suke la kwanza kuinama. Baadaye, kwa uchovu, nikaanza kutunga. Siku moja nilimwambia nimeona korongo wawili wakicheza. "Ahsante," akasema. Nikaona kumbe ni rahisi.

Siku mambo yalipoharibika, ilikuwa saa nne asubuhi. Nipo hewani, nasoma salamu, macho nimefumba. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma, alikuwa anapita na ndoo kichwani.

"We binti!"

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hao ndege unawafuga?"

Nikacheka, nikatikisa mguu. Kacha-kacha. "Si wanakimbia hao, mama?"

"Wa hapa wanakimbia. Wale wa kijitoni je? Au wale ni wageni wa harusi?"

Nikageuka. Jaruba la bibi lilikuwa linatembea. Ndege juu ya ndege, huoni jani. Kamba ya upande ule ilikuwa imesagika kwenye mti wa dungu mpaka ikakatika, sijui tangu lini. Nilikuwa navuta kipande kisichofika popote, na kwa kuwa makopo ya karibu yalilia, nilijua yote yanalia.

Niliruka chini, nikakimbia napiga makofi na kulia. Waliondoka kwa pamoja, kama shuka inayokung'utwa. Wakaacha mabua.

Mama alipoleta uji wa mchana hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa kwenye tuta, akavua kanga ya kichwa, akafuta uso.

"Mwanangu, nimechoka," akasema.

Halafu akainama, akaanza kuokota masuke yaliyoangukia kwenye tope. Nikapiga magoti upande wa pili. Tuliokota mpaka alasiri, na bado tulichopata hakikuufunika ungo. Sikuwahi kuutazama mpunga kama siku ile. Punje iliyonyonywa nusu niliijua kwa kidole kabla ya jicho.

Jioni bibi akauliza kama kawaida. Nilitaka kutunga, mdomo ukakataa.

"Bibi, jaruba lako limeliwa. Na mimi nilikuwepo palepale."

"Na wale korongo?"

"Sikuwaona."

"Nilijua. Muongo kama babu yako!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipoisha, akanishika vidole vilivyojaa tope. "Leo umenipa cha kweli. Ahsante. Haya, kapikeni hicho kilichobaki, nyie, nisije nikafa nawasubiri."

Kesho yake jirani akaniamilia shamba. Tulianika mpunga ule, tukautwanga, nikaupepeta polepole nisimwage hata chenga. Mchele ukawa vikombe viwili. Bibi aliinuliwa, akaegemezwa ukutani. Akashika tonge la kwanza, akalitazama, midomo ikacheza bila sauti, akala. Akala la pili. Tukahesabu mpaka manne.

"Nimeshukuru," akasema. "Ila aliyepika chumvi aliisahau Mpanda mjini."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Akaonja tonge lake, akanipa langu, na muda si mrefu usingizi ukamchukua mama pale pale alipoketi.

Nilichukua sufuria nikaenda nyuma ya jiko kuiosha. Chini ulikuwa umebaki ukoko, mwembamba, umeungua upande mmoja. Niliweka maji kando, nikakaa chini, miguu nimeinyoosha. Nikaubandua kwa ukucha kipande kidogo cha pembeni, nikakitafuna mpaka kikaisha kabisa, ndipo nikachukua cha pili.