Gari la babu lilikuwa linayumba kwenye lami, nyumbani tukasema ni uzee wake

Wakuu, shikamooni. Wa rika langu, mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji tu. Hata darasani nilikuwa mtu wa kujibu mpaka niitwe jina. Ila nimemaliza form four, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na jana nimesoma uzi wa jamaa anauliza kwa nini steringi yake inavuta. Nikamkumbuka babu na gari lake. Nasimulia kama ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Tunaishi Zombo. Babu ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe baba yangu akiwa mtoto. Gari lake lilikuwa station wagon ya zamani, nyeupe iliyofifia mpaka ikafanana na maziwa ya mgando.

Siku za gulio tulikuwa tunaenda nalo Mikumi. Babu kwenye usukani, bibi pembeni yake, mimi nyuma na kuku. Kioo cha upande wangu hakishuki mpaka ukisukume kwa kiganja. Babu anampigia honi kila mtu njiani, hata asiyemjua. Ukimuuliza anakwambia, "Siku nikimjua, salamu atakuwa nayo tayari."

Hadi leo nikisikia harufu ya vitunguu na petroli pamoja, nawaona wale wazee wawili kwa nyuma ya vichwa vyao.

Sasa, masika moja gari lilinasa sana kwenye tope. Majirani wakamwambia, mzee, nyanyua hilo gari. Wa huku mnajua, magari madogo mengi yamenyanyuliwa. Fundi anaweka vipande vya chuma juu ya shokapu, gari linakaa juu kama limevaa viatu virefu. Babu akanyanyua, tope likaacha kutusumbua, tukasahau.

Baada ya hapo ndipo lilianza kuyumba.

Lakini likiwa lami tu! Njia yetu ya vumbi ina mashimo, dereva muda wote anakata kushoto na kulia kuyakwepa, huwezi kugundua kitu. Tukiingia barabara kuu pale Mikumi, gari linaelekea kushoto, babu analirudisha, linapitiliza kulia.

"Baba Shija, ni usukani unakuvuta au usingizi?" bibi alimuuliza siku moja.

"Upepo huo."

"Upepo gani, mbona majani yametulia?"

Tulicheka. Babu naye alicheka.

Siku ambayo hatukucheka, lori lilikuwa linakuja mbele yetu. Gari likahamia upande wake, lori likapiga honi ndefu, babu akakata, tukatoka nje ya lami na kusimama kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Bibi alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Babu alikaa anaangalia mikono yake. Kisha akashuka, akampa funguo baba mdogo Shija, mwanawe, ambaye siku hiyo tulikuwa naye.

Tulikuwa karibu kabisa na njia ya kuchepuka kwenda kwetu, kwa hiyo baba mdogo aliendesha kwenye vumbi karibu safari nzima. Tulipofika akasema, "Mnaona? Gari halina tatizo lolote. Mzee, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika."

Babu akajibu, "Sawa."

Wakuu, ile "sawa" iliniuma. Kuanzia hapo hakugusa gari. Akienda shamba anatembea, akiitwa Mikumi anasema mguu unauma. Kikombe cha chai akawa anakishika kwa mikono miwili, kana kwamba haamini mkono mmoja. Baba mdogo akaanza kutafuta mnunuzi, babu hakupinga.

Akapatikana mfugaji mmoja wa Rudewa. Alitaka kulijaribia kwenye lami, tukaongozana mpaka Kilosa mjini. Babu alikuja kuliaga, mimi nikaja kwa ajili ya babu. Tukasimama kando ya barabara, yule mtu akaondoka nalo.

Alirudi anatoka jasho.

"Shikamoo tena mzee wangu. Hili gari mnataka kuniua nalo? Linanivuta!"

Baba mdogo akaanza kujitetea. Babu akamsukuma pembeni.

"Limekuvuta upande gani?"

"Pande zote mzee! Nikilirudisha huku, linakimbilia kule."

"Hebu rudia."

"Nimesema linakimbilia kule!"

"Umri wako miaka mingapi, kijana?"

"Wa nini tena, mzee? Hata arobaini sijafika."

Babu alicheka mpaka akaegemea boneti. Mnunuzi akaondoka akidhani tumechanganyikiwa.

Tulienda gereji saa hiyohiyo. Fundi akaangalia tairi za mbele, zote zimeliwa upande wa ndani. Akauliza, "Mlipolinyanyua, mlifanya alignment, kupima kama tairi zimekaa sawa?" Hatukuwa tumefanya.

Akatueleza kwamba gari likipanda juu, tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na tairi za mbele, zinabadilika mkao, zinavuta tairi. Za kwetu zilikuwa zimefunguka kwa mbele, moja inataka kwenda kushoto, nyingine kulia. Akafunga kamba kutoka tairi za nyuma hadi za mbele, akapima, akarekebisha tairodi. Tairi zilizoliwa tukabadilisha.

Babu akalipeleka mwenyewe kwenye lami. Likaenda limenyooka. Akawa anaongea Kisukuma peke yake, anavyofanyaga akifurahi. Baba mdogo alikaa nyuma.

Aliendesha tena miaka kadhaa. Mwaka jana tukitoka gulioni alisimamisha gari polepole, akazima, akanigeukia.

"Mjukuu wangu, safari hii ni mimi. Gari halina kosa. Macho."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Siku hizi anakaa kiti cha nyuma, pale nilipokuwa nakaa mimi.

Nilichojifunza: gari likinyanyuliwa lipimwe tairi, na ukitaka kulijaribu, lipeleke kwenye lami, vumbi linaficha. Na mzee akianza kuyumba barabarani, kagueni gari kwanza kabla hamjamkagua yeye.

Mafundi nirekebisheni nilipokosea. Na wenye wazee wanaoendesha, kwenu ilikuwaje siku ya kuacha funguo?